Alifungua, Hakufungua

Nyumbani kwetu Kanyenye, hapa Tabora, mgeni akija kwa mara ya kwanza hatumuulizi kazi yake wala kabila lake. Tunamuuliza, "Mke wa fundi saa alifungua, hakufungua?" Akijibu "Fundi saa gani?" anakaribishwa vizuri, anapewa chai, anapewa na kitumbua. Lakini ndiyo basi, hatumzoei haraka.

Kitabu chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu kila ninapolitaja mtu huacha kunisikiliza akaanza kunisimulia alikisomea wapi, na nani alimwibia. Ni riwaya nyembamba ya zamani, waliyoisoma wazazi wetu shuleni, na sisi tukaisoma kwa kuwaibia wazazi. Fundi saa anamuaga mkewe kwamba anafuata vipuri mji wa mbali, atarudi baada ya wiki mbili. Anarudi baada ya miaka tisa, na vipuri hana. Anagonga mlango mara tatu. Mkewe ndani anasimama, anaweka mkono kwenye komeo. Basi! Kitabu kimeisha. Mwandishi kaweka nukta, kajiendea zake.

Watu wa Tabora hawajamsamehe mwandishi huyo mpaka leo, na hawajaacha kumpenda. Watoto wa siku hizi wana simu zenye tamthilia za kila nchi duniani, lakini nenda kwa kinyozi wa pale karibu na soko, sema tu "alifungua," uone kama utanyolewa upande wa pili. Kuna lori linalopita njia ya Nzega limeandikwa nyuma ALIFUNGUA, kwa rangi nyekundu. Baada ya mwaka hivi likatokea jingine, jipya zaidi, limeandikwa THUBUTU.

Kwetu ugomvi huo ulikaa ndani ya kitabu chenyewe. Marehemu baba alikuwa seremala, mama anashona sare za shule. Baba alikuwa upande wa "alifungua." Mama alikuwa upande wa "hakufungua." Hawakubishana kwa mdomo, maana mama alisema mwanamume akibishana kwa mdomo hupandisha sauti, majirani wakadhani kuna jambo. Walibishana kwa maandishi, pembeni mwa kurasa. Baba kwa ile penseli yake nene ya kuchoria mbao, mama kwa biro ya bluu ya kuandikia vipimo. Mmoja akiandika, anakirudisha kitabu juu ya kabati. Mwingine atakichukua akipata nafasi, hata baada ya mwezi.

Tulikua tukiyasoma yale maandishi zaidi kuliko tulivyosoma riwaya yenyewe. Penye ule ukurasa ambao mke wa fundi saa anasonga ugali jioni moja, baba kaandika: "Vikombe viwili vya unga! Anamsubiri mtu." Chini yake mama: "Cha pili ni kiporo cha asubuhi. Wewe umewahi kupika?" Penye komeo, baba alijaza ukurasa mzima kwa utaalamu: komeo la mbao lisilofunguliwa miaka tisa huvimba masika, likakauka kiangazi, likapinda, kwa hiyo mwanamke aliyeliwekea mkono mmoja alijua linafunguka, na kama alijua linafunguka ni kwamba alikuwa akilijaribu kila siku. Mama akamjibu kwa maneno manne: "Alikuwa akilikaza, bwana fundi."

Miaka zaidi ya thelathini, jamani. Kurasa zilipojaa wakahamia kwenye ile karatasi tupu ya mwisho, baada ya riwaya kuisha. Hapo mama aliandika swali ambalo mimi niliona limemaliza kesi: "Kama alifungua, mbona mwandishi hakusema?" Baba alilikalia swali hilo wiki nyingi. Tukimtania mezani anasema, "Subirini. Mbao nzuri haikatwi kwa haraka."

Alhamisi moja baada ya alasiri, mama alikuwa kwenye cherehani, ana sketi za shule nzima na shule inafunguliwa Jumatatu. Baba akapita ukumbini na kikombe chake, akasema, "Nimekujibu. Karatasi ya mwisho." Mama hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nitasoma kesho, nina marinda hapa." Baba akakirudisha kitabu, safari hii kwenye sanduku lake la vifaa kwa sababu juu ya kabati kulijaa vitambaa. Ijumaa alfajiri hakuamka. Tukamzika siku ileile, baada ya swala.

Sasa nikueleze habari ya watani, maana bila wao mkasa huu usingekuwapo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tuna utani ulioanzia njiani, zama zile babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Mnyamwezi akifika Uzaramoni hoi, miguu imevimba, Mzaramo alimcheka kwanza, ndipo akampa maji. Hatujaacha kuchekana mpaka leo. Na mahali pa kuchekana hasa ni msibani. Watu wanalia, mtani anaingia anafanya vituko mpaka mfiwa acheke apende asipende. Tena mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu. Huruhusiwi kukidai kwa hasira. Unacheka, unamtukana kidogo, baadaye unakwenda kukikomboa kwa jogoo. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Mtani wetu sisi ni mama mmoja Mzaramo aliyeolewa Igunga na dereva wa malori. Mumewe alipostaafu wakafungua mashine ya kukoboa mpunga, na mashine ile yeye ndiye anayeiendesha, kwa mkono na kwa mdomo. Alifika siku ya pili ya msiba. Akavua ushungi wake, akavaa kofia ya baba na koti lake la kazi, penseli sikioni, akashika futi ya chuma akaanza kuwapima waombolezaji mmoja mmoja. Jirani yetu mnene akapimwa kiuno mara mbili, mtani akatikisa kichwa: "Huyu kitanda chake mbao za Tabora hazitoshi, tuagize Sikonge." Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Hata mama alicheka, amejifunika kanga kwenye mkeka.

Halafu mtani akaliendea sanduku la vifaa, akapekua, akatoka na kitabu. Akakiinua juu. "Nyundo zenu nzito, mimi si mpagazi. Nachukua hiki."

Niliuona uso wa mama. Wengine hawakuuona, mimi niliuona. Lakini desturi ni desturi, akacheka, na ili kicheko kiwe kamili akatupa na tusi la utani: "Chukua, mtani! Wazaramo mnajua ngoma, kusoma mtakujulia wapi? Utakishika miguu juu!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtani naye akacheka, ila alichelewa kidogo kucheka. Akakifunga kitabu kwenye upindo wa kanga. "Basi nitakirudisha nikikimaliza," akasema. "Nisipokimaliza, hamkioni."

Usiku wa hitima ulipopita na watu wakapungua, mama akaniita chumbani. Akaniambia habari ya Alhamisi, ya marinda, ya karatasi ya mwisho. Mimi nilikuwa sijui. Nikamwambia, "Mama, mbona hukusema palepale? Tungemnyang'anya!"

"Nimnyang'anye mtani msibani kwa mume wangu? Nizungumzwe mpaka Urambo?" Akasema tena, "Alinijibu, nikamwambia kesho."

Hicho ndicho kilichomkaa moyoni. Hakusema "mume wangu amekufa" akalia. Alikuwa akisema "nikamwambia kesho," anapiga paja. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kusoma mstari ule. Na asingeweza kuufuata, kwa kuwa alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na Igunga si ukumbini.

Tukapiga simu. Mama akasalimia kwa adabu zote, akauliza habari za mpunga, kisha kama mtu aliyekumbuka tu, akauliza habari za kitabu.

"Ninacho. Nipo ukurasa wa sita," mtani akajibu.

Mama akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia. "Wa sita! Wiki tatu, ukurasa wa sita! Kitabu kina kurasa mia na arobaini. Mimi nitakuwa nimeshamfuata baba yako, nitamuuliza mwenyewe huko huko."

Mimi, mtu wa maarifa ya kisasa, nikasema basi apige picha ile karatasi ya mwisho, atutumie kwenye simu, dakika moja kazi imekwisha. Loo! Nilikataliwa pande zote mbili. Mama alisema maneno ya mumewe hayatapita kwenye simu yangu, simu yenyewe ina kundi la ukoo ambalo mjomba anatuma picha za maua kila asubuhi, mwishowe yatakwenda kwa ukoo mzima. Na mtani naye alikuja juu: "Nifunue mwisho kabla sijafika? Huo ni wizi. Kitabu nimekichukua kwa halali, nitakisoma kwa halali. Karatasi ya mwisho sijaiona na sitaiona mpaka zamu yake ifike."

Mwezi wa tatu wa eda mama akashindwa kuvumilia. Akanunua jogoo mwekundu, akanikabidhi. "Nenda ukomboe. Desturi inasema jogoo, huyu hapa jogoo. Akikataa, kavunja utani yeye. Na wewe usifunue. Wewe ni mwanangu lakini yale si yako."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Nilipanda basi asubuhi nimejiandaa kwa vita, maneno nimeyapanga. Jogoo akawika Nzega stendi, abiria wakanicheka, hasira zikapanda zaidi. Mbele ya Nzega tukapishana na lile lori la ALIFUNGUA, dereva wetu akapiga honi, na basi zima likagawanyika, huku "alifungua," kule "wapi!" Bibi mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na kapu la dagaa, hata kitabu hakukisoma, alisimuliwa na mkwewe, alisema kwa uchungu wa kweli: "Miaka tisa! Mimi ningefungua ili nimpige."

Nilishuka Igunga jua limeshakuwa kali. Mashine ya mtani iko nyuma ya barabara kuu, na nilitegemea kusikia kelele zake tangu mbali. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika. Nchi nzima watu hukasirika umeme ukikatika, isipokuwa pale. Wanawake kama kumi, wale wanaopeta na kuchambua mchele, walikuwa wamekaa juu ya magunia, vichwa vyeupe kwa vumbi la pumba, wamemzunguka mtani wetu. Naye ana miwani imefungwa uzi, kitabu mapajani, kidole juu ya mstari.

Alikuwa akisoma. Neno moja, anapumua. Neno jingine, anapumua. Neno refu likija analikamata mkia, analivuta, linatoka, wale wanawake wanashusha pumzi naye. Nilisimama mlangoni na jogoo wangu kwapani. Maneno yangu niliyoyapanga yote sikuyaona tena.

Akafika mwisho wa ukurasa, akakigeuza kitabu ubavu. "Sasa tusikie wenyewe wanasemaje," akasema. Akasoma maandishi ya baba. "Vikombe viwili vya unga. Anamsubiri mtu." Aliyasoma kwa sauti nzito, kidevu kimeingizwa shingoni, vilevile kama baba alivyokuwa akisema. Alimwigiza siku moja tu ya msiba na bado alikuwa amemshika. Kisha ya mama, kwa sauti nyembamba: "Cha pili ni kiporo cha asubuhi. Wewe umewahi kupika?"

Wanawake wakapasuka. Mmoja akapiga gunia, "Kamweza! Mama huyu kamweza!" Mwingine akasema hapana, mzee ana hoja, nani anapika kiporo makusudi? Wakaanza kugombana.

Nililia. Tangu mazishi nilikuwa sijalia vizuri, nilikuwa nahesabu sahani na vikombe vya kuazima. Nililia mlangoni pale, jogoo anapiga mabawa, mpaka mtani akageuka akaniona.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kinyamwezi, lafudhi yake ya kipwani inachekesha.

"Mwangaluka, mtani. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kukomboa."

"Nimekuja kukomboa."

Akawaambia wenzake waendelee na kazi, akanichukua nyuma ya nyumba penye pipa la maji. Hakuwa na utani usoni. "Mwanangu, mama yako aliniambia sijui kusoma. Alitania, najua. Lakini alipatia, na yeye hajui kama alipatia. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nikalee wadogo zangu. Nasoma mizani na namba za simu, basi. Watu wote wa msiba walicheka, nikacheka nao, na roho iliniuma mpaka Igunga." Akakipangusa kitabu vumbi kwa kanga. "Mkwe wangu alinionyesha herufi nilizozisahau. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku nne. Sasa umeme ukikatika asubuhi, namaliza mmoja na nusu."

Akanyoosha mkono akanipa kitabu. "Jogoo umeleta. Haki yako, chukua. Mimi sivunji utani. Ila nipo ukurasa wa sabini na mbili, na sijui kama fundi saa atarudi."

Jamani. Nikakishika. Kilinukia pumba na ile harufu ya zamani ya sanduku la baba, gundi na mafuta ya taa. Mama yangu nyumbani ananisubiri, anapiga paja. Nilikifungua kwa nyuma, Mungu anisamehe, kidole kikaenda chenyewe, nikaona weusi wa ile penseli nene, mistari miwili mitatu, sikuisoma, nikafumba macho nikakifunga. Halafu nikamwangalia yule mama aliyesimama mbele yangu na miwani ya uzi.

Nikamrudishia. Nikampa na jogoo. Sijui kwa nini nilimpa na jogoo.

Nilirudi Tabora na kilo kumi za mchele alizonifungia. Mama akasikia mlango, akatoka mpaka ukumbini, mikono ameitanguliza mbele kupokea. Akauona mfuko.

"Nimekutuma kitabu," akasema.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Nimekutuma kitabu na jogoo. Umeniletea mchele."

Alinigeuzia mgongo. Siku mbili hakusema nami, na mama yangu kunyamaza si tabia yake, nyumba ilikuwa ya ajabu. Nikampikia, akala, akasema bismillahi na alhamdulillahi, katikati hamna neno. Mimi nami nikakasirika, nikaondoka kwenda kwangu Chemchem, nikasema na akae na eda yake. Kesho yake nikarudi, maana ningekwenda wapi. Nikamkalia mbele na nikamweleza kila kitu kwa mfululizo: darasa la pili, siku nne, pumba, kidole.

Akasikiliza huku anatatua uzi uliojikunja. Kisha: "Kwani anamsomaje baba yako?"

Nikamwigizia jinsi alivyomwigiza. Mama akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Sikuweza kujua anacheka au anafanyaje.

"Nilimtukana mtu kwa kidonda chake," akasema baadaye. "Mbele za watu, siku ya pili ya msiba wa mume wangu. Nipe simu."

Hakuomba radhi kwenye simu. Watani hawaombani radhi, wangekufa kwa aibu. Alichosema ni, "Wewe Mzaramo, umefika ngapi?" Mtani akamwambia. Mama akasema, "Themanini na tatu kuna neno refu, mimi mwenyewe lilinishinda. Ukilifikia nipigie." Tangu siku hiyo wakawa wanapigiana kila jioni baada ya magharibi. Kule kuna mtu anasoma kwa kidole, huku mama anafuata kwa kichwa, hana kitabu, anajua kila mstari, anatangulia neno kidogo tu ili mwenzake asikwame, halafu anamtukana. "Harakisha, mpunga wako utaota!" Nami nilikuwa naingia na chai, naonyeshwa mkono nisubiri.

Lakini kadiri kurasa zilivyoisha, mama alipungua raha. Nilimuuliza. Akasema, "Naogopa." "Unaogopa nini?" "Naogopa atakuwa ameniandikia jambo la kuniaga. Nami nilikuwa nahesabu marinda." Akasema pia, akishakuwa ameusoma mstari ule, baba hatakuwa tena na neno jipya la kumwambia. Sasa alilitaka na hakulitaka. Mimi sikuwa na dawa ya hilo, nikamkanda miguu.

Siku ya kutoka eda tukamwogesha, tukamvisha, majirani wakaleta pilau na maji ya ubani. Saa nne asubuhi mtani akashuka kwenye bajaji na ndugu zake wawili wa Kizaramo, wanapiga vigelegele kama wameleta bibi harusi. Kitabu alikuwa amekifunga kwenye kitenge kipya. Akaketi mkekani uso kwa uso na mama.

"Nimebakiza ukurasa mmoja," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nimeuacha makusudi. Mlisema siwezi."

Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa mwisho wa riwaya ile mbele ya wale wale waliomcheka msibani. Fundi saa akatembea barabarani, akasimama, akagonga mara tatu. Kidole cha mtani kikafuata mstari. Neno moja likamshika katikati, nikaona midomo ya mama inatengeneza lile neno bila sauti, na mtani hakumwangalia, alilitoa mwenyewe. Mkono ukawekwa kwenye komeo. Nukta. Jirani yetu mnene akapiga yowe, "Tena mwandishi huyu Mungu anamwona!" Watu wakapiga makofi, na mama akapiga kuliko wote, machozi yanamtoka, anasema, "Amesoma! Mzaramo amesoma!"

Mtani akaigeuza ile karatasi ya mwisho, hakuiangalia, akamkabidhi mama kitabu kikiwa wazi. "Hapa si pangu."

Mama akasogeza kitabu karibu na macho, akakisogeza mbali. Akasoma. Akarudia. Kisha akanipa mimi bila kusema neno, na mimi nikasoma kwa sauti, kwa sababu habari ilikwisha kuenea na kila mtu pale alikuwa akisubiri:

"Mke wangu, umeshinda. Hakufungua. Haya, chai yangu iko wapi?"

Watu wakacheka. Ni maneno ya baba kabisa, ungemsikia. Mimi pia nilicheka, nikamgeukia mama nimpe mkono wa pongezi, ameshinda kesi ya miaka thelathini na zaidi.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa amekasirika. "Nani kamwambia anikubalie?" akasema. "Nani? Nilimwomba? Alikuwa na haki! Alifungua! Mimi nilijua alifungua tangu nilipokisoma shuleni, kabla sijamjua yeye!"

"Mama! Sasa mbona umebisha miaka yote?"

"Ningekubali siku ya kwanza, angeniandikia nini?" Akakivuta kitabu kutoka mikononi mwangu, akakikumbatia, na hapo ndipo mama yangu alipolia kwa ajili ya mumewe, kwa sauti, mdomo wazi, miezi minne na siku kumi imepita.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mtani ndiye aliyejua. Akavua miwani yake ya uzi, akaifuta polepole kwenye kanga, akasema kwa ile sauti ya kuudhi wanayozaliwa nayo watu wa kwao:

"Hakufungua. Hata mumeo kaandika. Mimi nimesoma kwa macho yangu."

Mama akainua kichwa. Kamasi, machozi, kanga imeanguka begani.

"Nini? Umesoma kitabu kimoja maishani mwako, unanifundisha mimi?"

"Hakufungua, mtani. Miaka tisa, hana hata kipuri kimoja."

"Alifungua!" Mama alikuwa ameshapiga magoti, ananyoosha kidole. "Alifungua, wewe Mzaramo usiye na huruma! Mume wake huyo. Angemwachaje nje?"